Polima za Kusukumia Mafuta Baharini: Ulinganisho wa Aina Nne na Jinsi ya Kuzipima

Maji yanapoingizwa katika mwamba wenye mafuta mazito, hayasukumi mafuta hayo kwa pamoja kama ukuta unaosonga mbele. Hutafuta upenyo mwepesi, hujipasulia njia hadi kwenye kisima cha uzalishaji, na tangu siku hiyo kisima hutoa maji mengi na mafuta kidogo, huku sehemu kubwa ya mafuta ikibaki kandokando ya njia hiyo. Polima, yaani kemikali zenye molekuli ndefu kama minyororo, huchanganywa na maji ili yawe mazito, yaende polepole, na yapite kwa upana zaidi ndani ya mwamba. Nchi kavu kazi hii si ngeni: uwanja wa mafuta wa Daqing huko China umeitumia kwa kiwango kikubwa tangu 1996, na Marmul, kusini mwa Oman, tangu 2010. Baharini mifano ni michache, na kila mmoja umegharimu masomo yake: uwanja wa mafuta wa SZ36-1 katika Ghuba ya Bohai, China, kuanzia 2003, ule wa Dalia katika bahari yenye kina kirefu ya Angola mwishoni mwa mwongo huohuo, na ule wa Captain katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskochi.

Ulinganisho huu ni kwa mhandisi au mkemia aliyewekewa mezani majina manne ya polima na kutakiwa kuchagua moja au mbili za kupeleka kwenye majaribio ya kisimani. Hauhusu gesi. Visima vya bahari ya Tanzania, kwa mfano, ni vya gesi, na gesi haihitaji kusukumwa na maji mazito. Ndiyo maana mifano yangu inatoka Angola, Uingereza, China na nchi za Kiarabu za Ghuba.

Vigezo kabla ya majina

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanza na mnato, yaani uzito wa kimiminika katika kutiririka. Karatasi ya muuzaji huonyesha sentipoizi (kipimo cha mnato) kadhaa kwa kiasi fulani cha polima, na macho yote huishia hapo. Mnato huo umepimwa kwa polima mpya, iliyoyeyushwa kwa utulivu, kwenye bika (kikombe cha maabara), bila pampu wala vali, bila oksijeni na chuma kukutana, na bila miaka mitatu ya joto. Polima inayofaa kulinganishwa ni ile iliyokwisha kupitishwa katika safari yote itakayoifanya, kutoka sitaha hadi kwenye mwamba. Kwa hiyo napendekeza vigezo vifuatavyo, na kila polima nitaipitisha humo humo.

Cha kwanza ni maji. Baharini maji yaliyo karibu ni ya bahari, yenye chumvi karibu gramu 35 kwa lita, na ndani yake kalsiamu karibu miligramu 400 na magnesiamu karibu miligramu 1,300. Chumvi ya kawaida hupunguza mnato, lakini kalsiamu na magnesiamu ndizo zinazoweza kuiharibu kabisa polima. Cha pili ni joto la mwamba pamoja na muda, kwa sababu umbali kati ya visima vya baharini huweza kufika kilomita moja au zaidi, na polima hukaa humo kwa miaka. Cha tatu ni msuguano: pampu, vali za kupunguzia shinikizo, mabomba ya chini ya bahari, na matundu ya kisima. Cha nne ni wepesi wa kupita mwambani bila kuziba wala kunasa. Cha tano ni mizigo na nafasi, jambo ambalo nchi kavu si tatizo kubwa, lakini kwenye meli ya kuzalishia mafuta kila mita ya mraba ina mwenyewe. Cha sita ni hatima ya polima inayorudi juu pamoja na mafuta, ndani ya mitambo na hatimaye baharini.

Poliakrilamaidi iliyohaidrolisiwa kiasi

Hii, inayofupishwa HPAM, ndiyo polima iliyotumika zaidi duniani kwa kazi hii. Molekuli yake ni mnyororo mrefu sana na laini, wenye uzito unaofika daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) milioni 20 na zaidi, na kwa kawaida robo hadi theluthi ya viungo vyake hubeba chaji hasi. Chaji hizo husukumana, mnyororo hutanuka, na maji huwa mazito. Ukiinua kijiti kutoka kwenye bika, myeyusho huvutika na kuning'inia kama mlenda.

Katika maji ya bahari chaji hufunikwa na chumvi, mnyororo hujikunyata, na mnato uleule hudai polima mara kadhaa zaidi ya ile ambayo ingehitajika katika maji yenye chumvi kidogo. Joto huongeza tatizo la pili: viungo vya mnyororo visivyo na chaji, yaani akrilamaidi, huendelea kugeuka kuwa akrilati yenye chaji hasi, chaji huzidi, na kalsiamu huzinasa hadi polima yote ikajikusanya na kuzama chini ya chupa. Utafiti wa Moradi-Araghi na Doe, uliochapishwa 1987, uliweka mipaka ambayo bado inatumika kama mwongozo: nyuzijoto 75 za Selsiasi kwa maji yenye ugumu (jumla ya kalsiamu na magnesiamu) wa miligramu 2,000 kwa lita, 88 kwa miligramu 500, na 96 kwa miligramu 270. Ukijumlisha kalsiamu na magnesiamu ya maji ya bahari, utaona tuko karibu na ule mpaka wa chini kabisa.

Kwa msuguano HPAM ni dhaifu, na kadiri mnyororo unavyokuwa mrefu ndivyo unavyokatika kwa urahisi. Ndani ya mwamba ina tabia inayohitaji uangalifu: inapopita kwa kasi karibu na kisima hutanuliwa na kuonekana nzito kuliko ilivyo, shinikizo hupanda, na mwamba unaweza kupasuka. Kwa upande wa mizigo ina nafuu zote, kwa kuwa huzalishwa kwa wingi, bei yake ni ya chini kati ya hizi nne, na hupatikana kama unga au kama emalsheni, yaani matone ya polima yaliyotawanywa ndani ya mafuta. Hatima yake ndiyo doa kubwa. Bakteria hawaivunji kwa urahisi, na katika mfumo wa Norway wa kuainisha kemikali za baharini kwa rangi huangukia daraja jekundu, yaani kemikali ambayo mwendeshaji hutakiwa kutafuta mbadala wake. Inaporudi juu huganda kwenye mirija ya vipasha joto na hugombana na baadhi ya kemikali za kutenganisha maji na mafuta, hasa zenye chaji chanya, na kuacha ute unaonata kila mahali.

Inamfaa mwenye mwamba wa joto la chini au la kati na mafuta mazito. Captain, yenye mwamba wa nyuzijoto 30 hivi, ni mfano mzuri. Huko polima huletwa ikiwa emalsheni, na baada ya awamu za mwanzo kutoka kwenye jukwaa, mpango uliendelezwa hadi kwenye visima vya chini ya bahari. Bohai walichukua njia ya kando: waliongeza kwenye mnyororo vikundi vichache visivyopenda maji, ili molekuli zishikane zenyewe kwa zenyewe na kurudisha mnato ulioliwa na chumvi. Njia hiyo inavutia, lakini molekuli zilizoshikana hupita kwa shida katika miamba yenye vinyweleo vidogo, na ndiyo sababu siiweki kama chaguo la tano la jumla.

Akrilamaidi yenye salfonati

Hapa sehemu ya mnyororo hubadilishwa kwa kiungo kinachoitwa ATBS, chenye kundi la salfonati (kundi lenye salfa) badala ya akrilati. Salfonati haishikwi na kalsiamu kwa urahisi na haigeuki haraka kwa joto. Kwa hiyo maji ya bahari, na hata maji makali zaidi ya mwamba wenyewe, hayaizamishi polima hii kama yanavyoizamisha HPAM. Zenye kiasi cha wastani cha ATBS hufika nyuzijoto 90 hivi. Zenye ATBS nyingi, au zilizoongezwa kiungo cha vinilipirolidoni, hupita hapo. Huko Abu Dhabi polima za namna hii zimejaribiwa kisimani katika miamba ya chokaa yenye joto la karibu nyuzi 120 na chumvi inayozidi gramu 200 kwa lita, mazingira ambayo HPAM ya kawaida isingestahimili.

Katika msuguano hustahimili vizuri zaidi, kwa kiasi fulani kwa sababu mnyororo wake kwa kawaida ni mfupi. Ufupi huo huo humaanisha kwamba utatumia polima nyingi zaidi kupata mnato uleule. Mwambani hunasa kidogo kuliko HPAM, faida ambayo mara nyingi husahauliwa wakati wa kupiga hesabu ya bei, na bado husafirishwa na kuyeyushwa kwa mitambo ileile. Bei kwa kilo iko juu. Hatima yake haitofautiani na ya HPAM: haiozi upesi, na hoja za wasimamizi wa mazingira ni zilezile.

Inamfaa mwenye mwamba wa joto la kati hadi la juu, asiye na njia ya kupunguza ugumu wa maji, na ambaye hataki kubadilisha aina ya mitambo.

Zanthani

Zanthani hutengenezwa na bakteria aitwaye Xanthomonas campestris, na ni gundi ileile inayotumiwa kuzuia sosi zisijitenge. Molekuli yake ni ngumu kama fimbo, haitegemei chaji ili kutanuka, na kwa hiyo chumvi haiisumbui. Katika chupa tofauti huonekana kwa macho: haivutiki kama mlenda, hukaa imejikusanya kama jeli, kisha hulegea mara tu unapoitikisa.

Kwa joto, nyuzi 70 hadi 80 ndipo wengi husimama. Kwa msuguano ni imara kuliko polima zote mbili za akrilamaidi, na vali inayoimaliza HPAM huiacha zanthani karibu kama ilivyokuwa. Wepesi wa kupita mwambani ndio ulioiangusha mara kwa mara, kwa kuwa mabaki ya seli za bakteria husafiri pamoja nayo na kuziba uso wa mwamba, hivyo ubora wa usafishaji kiwandani ni muhimu kuliko jina lililoandikwa kwenye gunia. Tena ni chakula. Bakteria wa kisimani huila, na bila kemikali ya kuwaua, mnato huweza kupotea ndani ya mita chache za kwanza. Kemikali hiyo ina sumu, kwa hiyo sifa ya polima inayooza kwa asili hupungua uzito kabla hata haijafika baharini.

Inamfaa mwenye maji ya chumvi nyingi, joto lisilozidi sana, na mfumo wa kuingiza maji wenye vali kali ambazo hazibadilishiki.

Skizofilani na skleroglukani

Hizi mbili, zinazotokana na kuvu, ni ndugu. Mnyororo wake ni nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba, na usokotaji huo ndio unaozipa uimara. Chumvi haizigusi, joto la zaidi ya nyuzi 100 huvumilika, na kamba haifunguki hadi karibu nyuzi 135. Kwa msuguano ni imara sana. Mwambani hupita vizuri kuliko zanthani iwapo zimechujwa kikamilifu, ingawa nazo huliwa na bakteria na zinahitaji ulinzi.

Udhaifu wake uko kwenye ugavi. Jaribio la kisimani linalojulikana zaidi ni la Bockstedt, Ujerumani, lililoanza Desemba 2012 kwa skizofilani, na lilikuwa nchi kavu, mahali ambapo polima ingeweza kutayarishwa bila kuhesabu siku za hali ya hewa mbaya. Viwanda vinavyoweza kutoa maelfu ya tani kwa mwaka havipo kwa wingi. Kwa mazingira, ndizo zenye hoja nzuri kati ya zote.

Zinamfaa mwenye mwamba wa joto kali na chumvi nyingi, katika bahari ambayo sheria zake za utupaji ni ngumu, na mwenye subira ya kujenga ugavi pamoja na mtengenezaji.

Unga au emalsheni

Polima mbili za akrilamaidi huja na swali hili la ziada, na baharini swali hili huweza kuamua zaidi ya kemia. Chukua kisima kimoja kinachopokea mita za ujazo 5,000 kwa siku, kwa kiwango cha gramu 1,000 za polima kwa kila mita ya ujazo. Hizo ni tani 5 za polima halisi kila siku. Unga wenye asilimia 90 utahitaji tani 5.6, emalsheni yenye asilimia 30 itahitaji karibu tani 17. Kwa siku 30 tofauti ni tani 167 dhidi ya tani 500, na meli za mizigo hulazimika kungoja bahari itulie.

Hata hivyo, unga hudai mashine ya kuukatakata ndani ya maji, matangi ya kuuivisha kwa saa moja hivi, na sitaha isiyoguswa na unyevu. Unga ukimwagika na kulowa, sakafu huteleza kiasi cha kumvunja mtu mguu. Emalsheni hugeuka kuwa myeyusho kwa dakika chache ndani ya bomba lenye vikorogeo na huchukua nafasi ndogo, ila huja na mafuta yake na sabuni zake, ambavyo lazima vipimwe iwapo havizibi mwamba. Zanthani hupatikana pia kama mchuzi mzito usiokaushwa, lakini kusafirisha maji kwenda baharini ni gharama ambayo wengi hawaikubali.

Namna ya kuzipima zote kwa kipimo kimoja

Mwongozo wa API RP 63 wa taasisi ya mafuta ya Marekani (API), uliotolewa 1990, bado ni msingi mzuri, na ninashauri kila polima ipite hatua zilezile, kwa maji yaleyale, na ndani ya maabara ileile.

Kuyeyusha kunahitaji mkono wenye subira. Maji hukorogwa hadi yafanye shimo katikati, kisha unga hunyunyizwa kwenye bega la shimo hilo, punje kwa punje, na wote uwe umekwisha ndani ya nusu dakika hivi, kabla maji hayajaanza kuwa mazito. Ukiumwaga kwa pupa utapata madonge, kama ya uji uliotiwa unga mwingi kwa mara moja: nje ute, ndani unga mkavu. Madonge hayo hayatayeyuka hata ukoroge usiku kucha, na ukiyachuja na kuendelea, kiwango ulichoandika kwenye daftari si tena kiwango kilicho kwenye bika. Nimewahi kuona polima nzuri ikikataliwa kwa sababu hii peke yake. Baada ya kunyunyiza, punguza kasi ya kukoroga, acha angalau saa mbili, kisha uache myeyusho hadi kesho yake.

Mnato hupimwa kwa kasi ndogo ya mkato (kasi ambayo tabaka za kimiminika huteleza moja juu ya nyingine), kwa kawaida karibu 7.3 kwa sekunde, kwa joto la mwamba. Kisha huja chujio. Myeyusho hupitishwa kwenye chujio la mikromita 1.2 kwa shinikizo la bari 2, na muda wa mililita za mwisho hugawanywa kwa muda wa kiasi kilekile cha mwanzoni. Uwiano ukizidi 1.2, kuna kitu kinachoziba.

Hatua inayofuata ndiyo inayotenganisha uchaguzi wa baharini na wa nchi kavu: polima hupitishwa kwenye mrija mwembamba kwa tofauti ya shinikizo ileile itakayokuwepo kwenye vali, na mnato hupimwa upya. Dalia ilionyesha kwa nini hatua hii haistahili kurukwa. Mwaka 2012 kulichimbwa kisima cha kuchukua sampuli ya polima iliyokuwa imekwisha kusafiri mwambani, na mnato uliopimwa ukawa chini ya ule uliokuwa umetarajiwa.

Kisha sampuli huzeeshwa kwa miezi, katika chupa zilizofungwa bila hewa. Oksijeni lazima ishushwe hadi sehemu chache kwa bilioni, kwa sababu oksijeni ikikutana na chuma kilichoyeyuka majini mnato huanguka ndani ya dakika, na mpimaji ataihukumu polima kwa kosa la kizibo. Mwisho, myeyusho uliokwisha kukatwa kwenye mrija ule, wala si mpya, hupitishwa kwenye kipande cha mwamba halisi kwa kasi ya sentimita 30 hivi kwa siku, ili kupima jinsi unavyozuia maji, kiasi kinachonasa kwa kila gramu ya mwamba, na upitaji wa maji baada ya polima kupita.

Kuchagua kulingana na hali

Mwamba wako ukiwa chini ya nyuzijoto 60 na mafuta yakiwa mazito, anza na HPAM, na fedha utakazookoa zielekeze kwenye vali zisizokata molekuli na uondoaji wa oksijeni. Kama una nafasi ya mtambo wa kupunguza chumvi ya maji ya bahari, pima HPAM katika maji hayo kabla ya kupanda bei ya ATBS. Mtambo ni mzito, lakini polima inayohitajika hupungua mara kadhaa, na mizigo ya kila mwezi hupungua pamoja nayo.

Kati ya nyuzijoto 70 na 95, ukitumia maji ya bahari yasiyosafishwa, peleka kwenye majaribio akrilamaidi yenye ATBS, na uweke HPAM ya kawaida pembeni kama kipimo cha kulinganishia. Juu ya hapo, linganisha ATBS nyingi na skizofilani kwa hesabu ya gharama kwa sentipoizi iliyobaki baada ya kuzeeshwa, badala ya gharama kwa kilo.

Ikiwa visima viko chini ya bahari na vali zake haziwezi kubadilishwa bila kuleta meli ya kazi, vipe vipimo vya msuguano uzito mkubwa kuliko joto. Hapo zanthani na ndugu wa kuvu hupata nafasi ambayo bei pekee ingewanyima. Ikiwa meli ya kuzalishia ina sitaha iliyojaa lakini matangi yana nafasi, emalsheni itakuokoa. Ikiwa bandari iko mbali na bahari huchafuka kwa majuma, unga ndio unaokaa ghalani bila kukupa hofu.

Na ikiwa msimamizi wa mazingira hajatoa jibu kuhusu maji yatakayorudi na polima, usichague bado. Mpelekee sampuli za polima mbili, moja ya akrilamaidi na moja ya asili, pamoja na mpango wa kuyarudisha maji hayo kisimani, kisha uendelee na vipimo vya kuzeesha wakati unasubiri, kwa kuwa hivyo navyo huchukua miezi.